Ng'ombe wa Bomba la Lusonga

Bolti za kasha la mtambo wa Lusonga zilikuwa zimelowekwa dizeli tangu Jumamosi, na Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Kalista Budeba alikwishapanda juu ya kasha na spana yake ndefu. Alishindwa kungoja. Alikuwa amelala na viatu vya kazi karibu na mto, kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi, na alipoamka alivaa viatu kwanza ndipo akakumbuka kunawa uso.

Mtambo huo waliujenga wamisionari, enzi za mababu, chini ya mteremko ambako mto Lusonga unaacha mbuga ya juu na kushuka kuelekea upande wa Iringa. Maji yanachukuliwa kwenye banio huko juu, yanatembea kwenye mfereji wa mawe, yanaingia kwenye bomba kubwa la chuma, na bomba linayaporomosha hadi kwenye gurudumu linalozungusha jenereta. Zamani uliwasha hospitali, shule na kijiji kizima. Halafu ukachoka. Kwa miaka sasa taa za Lusonga zilikuwa nyekundu na dhaifu kiasi kwamba mtu aliyetaka kujua kama taa yake inawaka ilibidi aimulike kwa tochi. Hatimaye ushirika wa umeme ukaita mafundi wa kuufumua mtambo na kuufufua, na kazi ikaenda kwa karakana ya Mzee Halfani ya Soweto, Mbeya, ambako Kalista ndiye injinia.

"Bismillahi," alisema Mzee Halfani kutoka chini, mikono nyuma, kofia yake ya kufuma kichwani. Alizipenda mashine kuukuu kuliko watu wengi aliowafahamu. "Taratibu, injinia. Bibi huyu hajavuliwa nguo tangu aolewe."

Bolti ya kwanza iliachia kwa kilio kirefu. Kalista alicheka peke yake. Ya pili nayo ikaachia, na zilizofuata zikawa zinatoka zenyewe kana kwamba zilikuwa zinangoja kuulizwa. Mafundi wawili wakafunga chenbloku, mfuniko ukapanda polepole ukining'inia kwenye minyororo, na harufu ya miaka mingi ikatoka: kutu, tope, grisi iliyoganda, na samadi.

Kati ya gurudumu na mdomo wa bomba kulikuwa na pua ya ng'ombe. Ilikuwa nyeusi na yenye unyevu, na ilikuwa inapumua. Kalista alivua glavu, akainyooshea mkono, na ulimi mrefu ukatoka ukalamba grisi kwenye kiganja chake.

Mzee Halfani alipanda ngazi akachungulia. "Wa nani huyu?"

"Wa kwetu," alisema Kalista. "Anaitwa Jumatano."

Hakuwa na shaka. Sikio la kushoto lilikuwa na alama ya ukoo wao, mikato miwili aliyoikata baba yake kwa kisu chake cha kuchinjia, na pembe ya kulia ilikuwa imepinda tangu siku Jumatano alipogombana na lango la zizi. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomsomesha Kalista sekondari. Hakuwa amezeeka hata kidogo. Ngozi yake tu ndiyo iliyokuwa laini na kung'aa, mithili ya jiwe la mtoni.

"Yuko peke yake?" aliuliza Mzee Halfani.

Kalista aligonga bomba kwa spana. Mlio ulipanda mlimani na bomba, ukanyamaza, halafu majibu yakaanza kushuka: moo moja hapa karibu, mbili juu kidogo, na nyingine nyingi, hadi juu kabisa ambako bomba linaonekana jembamba mithili ya kamba. Bomba lile mtu mzima haliingii bila kuinama, lakini walikuwemo.

"Hapana," alisema. "Wamo wote."

Akashuka, akakaa juu ya sanduku la vifaa, akafunika uso kwa kofia yake ya chuma. Mafundi walidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila pia alikuwa anacheka, na hivyo viwili havikutaka kupishana.

Budeba, baba yake, alikuja nyanda hizi kutoka Usukumani akiwa kijana, akiswaga ng'ombe, akapitia Usangu na mwishowe akapanda hadi mbuga ya juu ya Lusonga, ambako majani yalikuwa yanagusa matumbo ya ng'ombe. Waliishi vizuri na watu. Kisha taa zikazidi kufifia, na Asukile, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa ushirika, akasimama mkutanoni akasema maji yamekwisha kwa sababu ya mifugo. "Ng'ombe wa Budeba wamekunywa umeme wetu," ndivyo alivyosema, na watu wakacheka sana. Baadaye wakaacha kucheka, na malori yakaja na askari. Huo watu wanauita mwaka wa operesheni.

Asubuhi ile ya malori, Budeba alitaka kuwatorosha ng'ombe wake kabla jua halijatoka. Dume lake, Mabala, lilikuwa na kengele shingoni, na kengele hiyo ingesikika hadi barabarani. Budeba akaivua. Lilikuwa kosa, na hakuna ambaye angelifanya isipokuwa mfugaji mwenye akili. Ng'ombe wale tangu wazaliwe walikuwa wakifuata kengele ya Mabala. Walipoikosa, wakafuata sauti iliyokuwa inasikika zaidi ya nyingine zote, na sauti hiyo ilikuwa ya maji. Kulipopambazuka, askari walizunguka mbuga nzima wasione hata kwato. Walimkuta Budeba amekaa chini na kengele mapajani.

Tangu siku hiyo aliharibikiwa jina pande mbili. Kwa watu wa Lusonga alibaki kuwa yule Msukuma aliyekausha mto. Kwa watu wake mwenyewe ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu katika kundi lile walikuwemo ng'ombe aliokabidhiwa na ndugu na wakwe amtunzie, kama wafugaji wanavyokabidhiana, na wote waliamini kwamba amewauza kwa siri. Shemeji yake Nashoni aliacha kumsalimia hata msibani. Budeba alihamia Ubaruku, akawa anapalilia mpunga katika majaruba ya watu, yeye aliyekuwa hapigi jembe hata kwa utani. Kalista aliiomba kazi ya Lusonga akiwa na nia moja: auone mtambo huu kwa macho yake, ajue ni nini hasa kilichowashinda watu kuwasha taa, na akikijua akiseme mbele yao.

Asukile alifika saa ya chai, na mfuko wa maparachichi. Siku hizi alikuwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mkunjufu, mnene kiasi, asiyeweza kwenda popote mikono mitupu, na kila asubuhi aliwaletea mafundi maparachichi ya shambani kwake, makubwa, mazito, yasiyo na kamba. Alimtazama Jumatano, Jumatano akamtazama.

"Ng'ombe haruhusiwi bonde hili," alisema.

"Yuko ndani ya bomba, mwenyekiti," alisema Kalista.

"Bomba liko bondeni." Asukile alifikiri kidogo, kwa haki kabisa. "Uzinduzi Jumamosi. Wageni tumeshawaalika, ngoma tumeshaita. Basi watoeni tu, tusije tukaaibika."

Walijaribu. Mama Sekela, aliyekuwa anawapikia mafundi, alileta mganda wa majani mabichi, na alipofungua mlango wa ukaguzi ulio ubavuni mwa bomba akanusa akatikisa kichwa. "Kumbe," alisema, "ndiyo maana maji ya huku yakichemka yanatoa utando kama maziwa." Jumatano alikula majani yote asisogee. Mzee Halfani akaagiza chumvi ya mawe kutoka Uyole; ililambwa ikaisha. Walimfunga kamba laini kwenye pembe wakavuta kwa chenbloku, kistaarabu, lakini chenbloku iliyoinua mfuniko wa chuma ilimshindwa ng'ombe mmoja aliyeamua. Kalista aliita majina. Aliyakumbuka yote, na kila jina lilijibiwa kutoka mahali pake ndani ya bomba, lakini hakuna mguu ulionyanyuka. Hapo ndipo alipoelewa wanachongoja.

Kabla ya kumpigia baba yake simu, alipanda juu kuhakikisha mlango wa banio umefungwa sawasawa, asije mtu akawafungulia maji. Alirudi akifuata mfereji, kwa kuwa fundi hawezi kupita karibu na mfereji bila kuutazama. Katikati ya njia akaona matete mengi mahali ambapo hayakupaswa kuwepo. Akayapenua.

Ukuta wa mfereji ulikuwa umebomoka. Tundu lilikuwa pana kiasi cha mlango wa banda, na hata sasa, mto ukiwa umezuiwa, lilikuwa bado linachuruzika. Maji yalikuwa yamejichimbia njia yao yenyewe, yanateremka kwa adabu kati ya miamba, yanaingia katika shamba la maparachichi lililokuwa la kijani kibichi ndani ya kiangazi kikavu. Ndani ya tundu palikuwa pameota mkuyu. Kalista aliukumbatia, mikono yake haikukutana upande wa pili. Mkuyu ule ulikuwa mkubwa kabla Jumatano hajazaliwa, kabla Budeba hajaijua njia ya Usangu.

Hasira zilimpanda hadi masikio yakamwasha. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji akasubiri zishuke, na zilipogoma kushuka akaenda nazo hivyohivyo kwa Asukile.

"Ee, pale tunapajua," alisema Asukile, bila kupepesa macho. "Pamewekwa awamu ya pili."

"Nusu ya maji inapotelea pale, mwenyekiti. Tangu kabla ya ng'ombe. Kuna mti mle ndani, nenda kauone."

"Naujua mti wenyewe. Ni mti mzuri." Akampa parachichi. "Dada Kalista, wewe tuwashie taa. Hayo mengine yataongelewa."

Alipopiga simu Ubaruku, baba yake alikuwa shambani. Nyuma ya sauti yake vyura wa majaruba walikuwa wanapiga kelele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, ile kengele bado iko?"

"Iko mlangoni. Mama yako anaitia watu wakale."

"Njoo nayo huku."

"Huku wapi?"

"Lusonga."

"Lusonga mimi nilikatazwa," alisema Budeba.

"Wamo ndani ya bomba, baba. Jumatano nimemshika pua leo. Wa mjomba Nashoni nao wamo, nimewaita wakaitika."

Alisikia jembe likiwekwa chini. Alisikia baba yake akivuta pumzi kama mtu anayetoka majini.

"Mabala?"

"Sijamwona. Nadhani yuko juu kabisa."

"Atakuwa huko," alisema Budeba. "Nilimvua kengele. Mwenye kundi ukimvua kengele anakaa nyuma ya wote, kwa haya."

Alifika siku ya pili yake. Alipewa lifti na lori la mchele hadi njia panda, akachukua bodaboda kwa ile njia ya vumbi, na kengele aliipakata kama mtoto mchanga, imefungwa katika kitenge cha mkewe Mbuke na kuzibwa mdomo kwa matambara, isije ikalia njiani ikamwitia ng'ombe wa watu. Penye kibao cha kuingilia bondeni alimsimamisha dereva, akashuka, akakataa kwenda mbele. Kibao kilikuwa kimepauka, maandishi hayasomeki, lakini Budeba hakujua kusoma na alikikumbuka kwa mahali pake.

Kalista alimkimbilia. Alipiga magoti kwenye kokoto, ovaroli na grisi na yote, kama binti wa Kisukuma anavyomwamkia baba yake. "Mwangaluka baba." Budeba aliitikia, akamgusa bega, lakini macho yake yalikuwa juu, yanalifuata bomba.

Mzee Halfani alikuja kwa hatua zake za polepole na kofia nyekundu ya chuma mkononi. "Karibu, mzee mwenzangu," alisema. "Kibao hiki kinakataza ng'ombe na mchungaji. Fundi hakimkatazi." Akamvalisha Budeba ile kofia, akaikaza ukanda kidevuni, akamshika mkono wakaingia.

Mbele ya bomba Budeba alifungua kitenge polepole, akatoa matambara, akaitikisa kengele mara moja. Ulikuwa mlio mnene, usiopendeza, mlio wa bati na mfupa. Ndani ya bomba kukawa kimya. Fundi aliyekuwa jirani na Kalista alikuwa ameuma kidole.

Kisha kwato zikaanza kugonga chuma.

Jumatano alitoka wa kwanza kwenye mlango wa ukaguzi, ambao Kalista mwenyewe alikuwa anaupita kwa kujibana. Alitoka pembe, mabega, tumbo, mkia, akajitikisa, akawarushia wote maji, akaenda moja kwa moja kwa Budeba akamnusa ile kofia. Nyuma yake wakaanza kumiminika. Budeba aliwaita mmoja mmoja anapotokeza, sauti ikimpanda: huyu wa kwetu, huyu wa mama Mbuke, huyu wa mkwe, huyu wa Nashoni, na huyu, na yule pale mwenye baka, wa Nashoni wote hao, na sasa aje aseme! Watu wa kijijini walikuwa wamekuja kuangalia, na wao pia wakaanza kushangilia kila kichwa kinapotoka, kama penalti zinapopigwa. Mzee Halfani alivua kofia yake akaipunga hewani, jambo ambalo mafundi wake hawakuwahi kuliona.

Walitoka pia ndama waliozaliwa humo ndani. Hao walikuwa weupe kidogo, wanafumba macho kwa jua, na kwa kuwa walikuzwa karibu na gurudumu hawakujua kutembea isipokuwa kwa kuzunguka. Walitoka wakaanza kuzunguka uwanjani, wote upande wa kulia, hadi mama zao walipowasukuma kwa vichwa kuwanyoosha. Mama Sekela alikuwa amekwishashika ndoo. Siku hiyo chai ya mafundi ilikuwa ya maziwa, na ilikuwa na ladha ya mbali ya mafuta ya mashine ambayo hakuna aliyeilalamikia.

Bomba lilinyamaza. Budeba alitikisa kengele tena. Kimya. Akatikisa tena, na furaha yote ya uwanjani ikasimama ikimngoja. Kutoka juu kabisa zikaanza kushuka kwato nzito, moja moja, bila haraka. Mabala alitoka kinyumenyume, mkia kwanza, maana alikuwa na haya ya kuangalia watu. Budeba akamzungukia mbele, akamfunga kengele shingoni, akaukaza mkanda kwenye tundu lilelile la zamani. Dume likainua kichwa. Budeba alilia wazi mbele za watu, machozi yakipita chini ya ule ukanda wa kofia ya fundi.

Kazi iliyobaki ilikwenda mbio ajabu. Kalista alikuwa hasikii njaa wala mgongo. Waliliosha bomba, wakasugua gurudumu hadi shaba yake ikaonekana, wakabadilisha beringi zilizokuwa zimelika kabisa, wakasuka upya waya za jenereta, na kila bolti iliyorudi mahali pake Kalista aliikaza mwenyewe mara ya mwisho. Ng'ombe walilala nje ya nyumba ya mtambo. Jioni Budeba alikaa kati yao na simu ya binti yake, akiwapigia wakwe. Nashoni alipoelezwa aliomba asikilizishwe. Budeba akaisogeza simu kwenye mdomo wa ng'ombe mmojawapo wa Nashoni, ng'ombe akalia, na kule upande wa pili Nashoni akamwita Budeba shemeji kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa operesheni. Kalista aliyaona hayo akiwa chini ya jenereta na taa ya kichwani, akashukuru kwamba kuna mahali pa kujificha.

Jumamosi walikuja wageni wa kutoka Iringa, wakaja walimu na wanafunzi, manesi, kwaya, ngoma. Turubai lilifungwa. Jua lilipoanza kuegemea mlima Kalista alishika vali kwa mikono miwili akaanza kuifungua. Maji yakaingia. Bomba likakoroma, gurudumu likajigeuza, likasita, likakamata, na sauti yake ikapanda kutoka mnguruno hadi wimbo mmoja mwembamba ulionyooka. Sindano kwenye ubao wa vipimo ilitetemeka ikapanda, ikapita alama nyekundu ambayo kwa miaka haikuwahi kuifikia. Kalista aliitazama ikipanda na meno yote yalikuwa nje. Akavuta swichi kubwa.

Taa ziliwaka nyeupe. Ziliwaka hospitalini, shuleni, dukani, kwenye nyumba zilizosahau kuwa zina taa. Watu waliona vumbi juu ya makabati yao, wakaonana sura. Kelele iliyopanda kutoka kijijini ilimfikia Kalista hadi ndani ya nyumba ya mtambo na ikashinda sauti ya mashine. Mzee Halfani alimkumbatia, kitu ambacho pia hakijawahi kuonekana. "Bibi ameamka," alimwambia sikioni. "Sasa nenda kaseme."

Walimpa kipaza sauti. Kalista alisema mtambo sasa unafanya kazi vizuri, na watu wakapiga makofi. Akasema kwamba hata hivyo ukuta wa mfereji umebomoka, kwamba nusu ya maji inapotelea pale na kuingia shambani, na kwamba umebomoka tangu kabla mfugaji yeyote hajafika Lusonga, na mti ulioota humo unashuhudia. Watu wakapiga makofi. Akasema, polepole, ili asikike, kwamba ng'ombe wa baba yake hawakukausha mto huu, kwamba walifukuzwa kwa kosa lisilo lao, na kwamba hawakuingia bombani ila kwa sababu walifukuzwa. Makofi yakawa makubwa zaidi, na akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Kalista alisimama akawatazama. Walikuwa na furaha kweli, na walikuwa wanapigia makofi kila kitu.

Asukile alipokea kipaza sauti akamshukuru sana. "Ndugu zangu," alisema, "mnakumbuka tulisema nini? Tulisema ni ng'ombe. Watu wa nje wakatuona tunasingizia. Haya, mmeona wenyewe, kwa macho yenu, wametolewa ndani ya mtambo mmoja mmoja. Wametoka, taa zimewaka. Kuna anayebisha?" Hakuna aliyebisha. Akasema mambo ya mfereji yako awamu ya pili. Akamwita Budeba mbele, akampa mkono, akampa mfuko wa maparachichi, na kwa upole akamkumbusha kwamba utaratibu wa bonde ni uleule, kwa hiyo ng'ombe wawe wametoka kabla ya giza.

Budeba aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Alivua kofia nyekundu akamrudishia Mzee Halfani. Kisha akapiga mluzi mfupi. Mabala akageuka kuifuata njia, na kundi lote likajipanga nyuma ya kengele.

Kalista aliwasindikiza hadi kwenye kibao. Kilikuwa kimepakwa rangi upya kwa ajili ya wageni, herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe, na juu yake, kwenye nguzo mpya, ushirika ulikuwa umefunga balbu kubwa. Ng'ombe walipita chini ya mwanga ule wakiwa wazima na wanene. Ndama walifika kwenye nguzo wakaanza kuizunguka, na ilibidi kungoja kidogo hadi mama zao walipowanyoosha.

Budeba alisimama akaangalia juu. "Hapa pameandikwaje?"

Kalista alitamani kusema uongo. "Ng'ombe marufuku," alisema.

"Na taa hii inatoka kwenye mtambo wako?"

"Ndiyo, baba."

Budeba aliitazama balbu kwa muda, bila kufumba macho. Aliangalia ng'ombe wake waliokwishapita upande wa pili. Kwa mwanga ule mikato ya masikio yao ilionekana yote, ya kwake na ya Nashoni.

"Inawaka vizuri sana, mama," alisema. Akahamishia mfuko wa maparachichi bega la pili, akaifuata kengele.